Waya Mweusi: Fundi Umeme Mgeni na Masomo ya Kila Mwaka huko Texas

Fundi umeme aliyejifunza kazi Mombasa au Dar es Salaam katika miaka ya 1980 alifundishwa hili kabla ya mengine yote: waya mwekundu una moto, waya mweusi ni nyutro. Hizo ndizo rangi zilizorithiwa kutoka Uingereza. Fundi huyo akihamia Houston, katika jimbo la Texas, na kufungua boksi la swichi ukutani, atakuta waya mweusi ndio wenye moto wa volti 120, na nyutro ni mweupe. Mazoea ya miaka mingi, ambayo kwao yalimfanya aaminiwe na wateja, huku yanaweza kumtoa roho.

Marekani haina leseni moja ya ufundi umeme kwa nchi nzima. Kila jimbo lina utaratibu wake, na yapo majimbo yaliyoiachia miji kazi hiyo. Texas yenyewe ilianza kudai leseni ya jimbo mwaka 2004 tu. Atakaye kuwa fundi kamili sharti athibitishe saa 8,000 za kazi chini ya usimamizi wa fundi mkuu, na afaulu mtihani. Na akishaipata leseni, sheria inamtaka asome saa 4 kila mwaka: kanuni za ufungaji wa umeme, sheria za jimbo, na usalama kazini.

Wapo wanaozihesabu saa hizo kuwa kodi nyingine tu. Kompyuta inawashwa, somo linajiendesha lenyewe, na mwanafunzi yuko mezani anakula chakula cha jioni.

Lakini kanuni hazitulii. Kitabu cha kanuni za umeme cha Marekani, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1897, hurekebishwa kila baada ya miaka 3. Toleo la 2020 lilitaka mtambo wa kiyoyozi ulio nje ya nyumba ulindwe na kifaa kinachokata umeme unapovuja, chenye wepesi wa kuhisi miliampea 4 hadi 6. Mafundi wengi wa Afrika Mashariki wamezoea vifaa vya miliampea 30. Sababu ya sharti hilo ni nzito: mtu anayegusa bati la kiyoyozi lililoingiwa na umeme, huku amesimama kwenye udongo uliolowa, hana muda wa kujiokoa. Hata hivyo, viyoyozi kadhaa vya kisasa vilianza kukatiwa umeme bila hitilafu yoyote, katika joto la Texas ambalo nalo huua. Mwaka 2021 jimbo likalisimamisha sharti hilo kwa muda, hadi mwanzoni mwa 2023. Kisha toleo la 2023 likaandika msamaha kwa mitambo ya kupozea hewa iliyoidhinishwa, na kuupa kikomo: 1 Septemba 2026.

Sharti moja, na limegeuka mara tatu ndani ya miaka michache. Fundi aliyesoma mwaka 2020 akaishia hapo anajua nusu ya habari, na nusu hiyo yaweza kumfanya abishane na mkaguzi kwa ujasiri mkubwa huku amekosea.

Somo la usalama halibadiliki upesi kiasi hicho, nalo ndilo linalomgusa zaidi fundi wa rangi za zamani, kwani linamkataza kuamini rangi. Hata waya mweupe huko Marekani waweza kuwa na moto, pale unapotumika kupeleka umeme kwenye swichi. Kanuni za sasa zinadai utiwe alama, lakini katika nyumba kuukuu alama hiyo mara nyingi haipo. Kwa hiyo umeme huzimwa, swichi yake hutiwa kufuli, kisha waya hupimwa. Kipimo chenyewe hujaribiwa kwanza mahali panapojulikana kuwa pana moto, kisha kwenye waya unaotakiwa kuguswa, kisha hurudishwa pale pa kwanza, kwa maana kipimo kilichoharibika husema kila waya ni salama. Ufunguo wa kufuli hilo hukaa mfukoni mwa fundi mwenyewe, si kwa mwenye nyumba.