Msaada kwa Watoto Wasio na Makao

Katika miaka ya Hali ya Hatari, iliyotangazwa mwaka 1952, watoto wengi walipoteza wazazi, wakawa wakilala barabarani mjini Nairobi. Mwaka 1959 Bwana Geoffrey Griffin, Bwana Geoffrey Geturo na Bwana Joseph Gikubu walianzisha kituo cha Starehe katika vibanda viwili vya mabati, ili wavulana hao wapate chakula, malazi na mafunzo.

Baadaye kituo kikawa shule kubwa. Watoto wa maskini husomeshwa kwa michango ya wafadhili, nao hutumikia wananchi kwa hiari wakati wa likizo.

Sadaka ya namna hiyo haimfanyi mtu mwombaji, bali humrudishia heshima yake. Basi kila mwenye kidogo na atoe; haba na haba hujaza kibaba.