Ripoti za Shughuli katika Programu za Bakapu ya Winguni: Kuziweka, Kuzisoma na Kuzifanyia Kazi



1. Utangulizi

Waandaaji wameniomba nizungumzie namna ya kuweka na kutazama ripoti za shughuli katika programu za bakapu ya winguni. Nawashukuru. Kwa kuwa ukumbini tumo maafisa TEHAMA, watunza kumbukumbu na wahasibu, maana za msingi nitazipitia haraka, kisha nitatumia muda mwingi kwenye tatizo moja ambalo nimepambana nalo kwa miaka na bado halijaisha.

Bakapu ni nakala ya data iliyowekwa mahali pengine ili ya awali ikipotea, pawepo cha kurudisha. Ya winguni ni ile inayosafirishwa kwa intaneti hadi kwenye seva za mtoa huduma. Wengi tunaifahamu kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, katika aina mbili za hifadhi, moja ikiwa nje ya jengo. Ripoti ya shughuli ndiyo taarifa ya kila kazi ya bakapu: ilianza saa ngapi, ikaisha saa ngapi, ilikagua faili ngapi, ikapakia ngapi, za ukubwa gani, zipi zilirukwa na kwa nini. Matokeo hutajwa kwa hali tatu: imefaulu, imekamilika ikiwa na tahadhari, imeshindwa. Dashibodi huzipaka kijani, njano na nyekundu.

2. Kuweka ripoti

Menyu hutofautiana kutoka programu moja hadi nyingine, lakini njia ni ileile. Unaingia kwa akaunti ya msimamizi, unafungua sehemu ya ripoti, unachagua kompyuta au seva zinazohusika, kipindi, matokeo yanayotakiwa kutajwa, watakaopokea na mara ngapi. Nyingi hukuruhusu pia kupakua ripoti kama faili ya PDF au ya jedwali. Kwa mtu anayeijua programu yake, ni kazi ya dakika kumi.

Hata hivyo, ndani ya dakika hizo kumi kuna maamuzi madogo yanayotutesa baadaye. La kwanza ni saa. Programu nyingi huandika muda kwa saa za UTC, ambazo ziko nyuma ya saa zetu za Afrika Mashariki kwa saa tatu. Kazi iliyoanza kwetu saa nane usiku wa kuamkia Jumanne husomeka 23:00 ya Jumatatu. Nimewakuta fundi na mhasibu wakibishana kwa nusu saa kama bakapu ya mwisho wa mwezi ilichukuliwa kabla au baada ya kufunga vitabu, na wote wawili walikuwa na ripoti moja mkononi. Badilisheni ukanda wa saa kwenye akaunti. Programu ikikataa, andikeni juu ya ripoti iliyochapishwa: ongeza saa tatu.

La pili ni muda wa kutunza historia. Zipo programu zinazofuta kumbukumbu za shughuli baada ya siku 30 au 90 msipobadilisha mpangilio. Mkaguzi anakuja baada ya mwaka mzima, anauliza kilichotokea Februari, na dashibodi haina cha kumjibu.

La tatu ni anwani ya mpokeaji, na hapo ndipo tatizo langu linapoanzia.

3. Tatizo: ripoti isiyosomwa na ripoti isiyofika

Nianze na kisa ambacho wenyewe walikitangaza hadharani, jambo ninaloliheshimu sana. Januari 31, 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni inayohifadhi kazi za waandika programu wa dunia nzima, alikuwa anahangaika usiku kurekebisha hifadhidata. Akafuta folda ya data akidhani yuko kwenye seva ya akiba, kumbe yuko kwenye seva kuu. Alistuka na kusimamisha amri ndani ya sekunde chache, lakini kati ya takriban GB 300 zilikuwa zimebaki GB 4.5. Wakaenda kwenye hifadhi ya winguni ambako nakala za kila siku zilitakiwa kuwepo. Ilikuwa tupu.

Sababu iligundulika. Programu ya kunakili ilikuwa ya toleo la 9.2 wakati hifadhidata ilikuwa ya toleo la 9.6, kwa hiyo kila ilipoanza ilikwama. Na mfumo ulitoa taarifa! Kila kazi iliposhindwa, baruapepe iliandikwa na kutumwa. Lakini haikuwa na uthibitisho wa mtumaji unaodaiwa na utaratibu wa DMARC, na seva ya upokeaji ikaikataa. Hakuna aliyeiona. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mhandisi mmoja alikuwa ameichukua kwa mkono kama saa sita kabla, kwa ajili ya jaribio lisilohusiana kabisa na bakapu. Kazi za watu za saa hizo sita zilipotea, zikigusa kwa makadirio yao miradi takriban 5,000 na akaunti mpya 700.

Ndugu washiriki, wale ni wahandisi wa kampuni ya teknolojia. Hawakukosa programu wala hifadhi, na taarifa ya kushindwa waliipanga. Walichokosa ni mtu wa kuuliza, “Mbona wiki hii sijapokea chochote?” Tukipanga tuarifiwe bakapu inaposhindwa tu, tumeufanya ukimya uwe dalili ya usalama. Lakini ukimya huohuo hutokea seva ikiwa imezimwa, leseni ikiwa imeisha, nenosiri la anwani inayotuma ripoti likiwa limebadilishwa, au mpokeaji akiwa amehamishiwa mkoa mwingine. Nasema hili kila semina, na nitaendelea kulisema.

Kisa cha pili nilikishuhudia mwenyewe, katika taasisi ambayo sitaitaja. Niliitwa mwezi Desemba baada ya diski ya seva ya mishahara kufa. Mkuu wa kitengo alikuwa mtulivu, kwani bakapu ya winguni ilikuwepo na imelipiwa. Alinifungulia sanduku la baruapepe: ripoti zaidi ya mia mbili, kila siku moja, zote za kijani, nyingi hazijawahi kufunguliwa. Nikafungua ya jana yake. Hali: imefaulu. Muda: sekunde 41. Faili: 3. Hitilafu: 0.

Nikaanza kurudi nyuma, siku baada ya siku. Faili 3. Faili 3. Faili 3. Nilipofika katikati ya Mei nikakuta faili 18,406. Siku iliyofuata, faili 3. Siku hiyo fundi alikuwa amehamisha folda ya mishahara kutoka diski D kwenda diski E kwa sababu D ilijaa. Aliagizwa na alifanya kazi yake vizuri. Programu nayo ilitii ilichoelekezwa: kunakili folda ileile ya diski D, ambamo zilibaki faili tatu zisizo na maana yoyote. Ilifaulu kila siku kwa miezi saba. Na kwa kuwa mpangilio ulikuwa wa kutunza kilichoondolewa kwa siku 90 tu, nakala za kabla ya uhamisho huo zilikuwa zimeshafutwa winguni.

Mama mmoja wa uhasibu, aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu, aliingiza upya taarifa zile kutoka kwenye hati za malipo zilizochapishwa. Alikaa wiki saba na maboksi ya karatasi miguuni pake, rula ya mbao akiisogeza chini ya kila mstari asije akaruka jina la mtu. Nilikuwa napita kumwona. Hakulalamika hata siku moja. Tangu hapo siwezi kuisikia sentensi “ripoti ni ya kijani” bila kuuliza faili ni ngapi.

Kijani maana yake ni kwamba programu ilimaliza ilichoagizwa. Kama iliagizwa kilicho sahihi, hilo ni jukumu letu, na jibu lake liko kwenye namba. Faili zikipungua ghafla, kuna kitu kimehamishwa au kimeondolewa kwenye orodha. Data inayopakiwa ikiongezeka mara kadhaa kwa usiku mmoja bila sababu ya kikazi, kimbieni mkaangalie: programu hasidi za kudai fidia hubadilisha faili zote, na bakapu huziona kama mpya. Ripoti inaweza kuwa kengele ya kwanza ya shambulio, kabla ya mtumiaji yeyote kushindwa kufungua waraka wake.

Muda nao unasema. Ofisi yenye kasi ya kupakia ya Mbps 2 inahitaji zaidi ya saa 44 kusafirisha GB 40. Ukiipangia bakapu hiyo usiku mmoja, ya kesho itakuta ya leo haijaisha, nayo itarukwa. Baadhi ya programu haziiti kazi iliyorukwa kuwa imeshindwa, na hivyo haitokei kwenye rangi nyekundu.

Nigusie pia njano. Faili iliyofunguliwa na mtumiaji usiku kucha huleta tahadhari, na kesho yake tahadhari tena. Baada ya mwezi macho yanazoea, na siku njano inapobeba jambo zito tunaipita kama kawaida. Ndivyo ilivyo hata kwa nyekundu. Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ya nchi zetu ilisuasua, na bakapu nyingi zilishindwa bila kosa la mtu. Baada ya siku kama hizo hubaki tabia ya kusema “ni mtandao tu,” hata wiki ambayo mtandao hauna tatizo lolote.

4. Mapendekezo

Natambua kuwa kila taasisi ina miongozo yake na bajeti yake, na siyo nia yangu kuingilia mamlaka ya mtu. Kwa heshima hiyo napendekeza yafuatayo, na baadhi ni marudio ya makusudi.

Ripoti itumwe kila siku, iwe imefaulu au imeshindwa, ili kutokufika kwake kuonekane. Programu ikiwa na uwezo wa kutoa onyo pale kompyuta inapokaa siku mbili au tatu bila bakapu, uwezo huo uwashwe leo.

Mpokeaji awe anwani ya kitengo, siyo ya mtu binafsi, lakini msomaji awe mtu mwenye jina, na msaidizi wake awe na jina pia. Anwani ya kitengo isiyo na msomaji aliyetajwa ni sawa na kutotuma kabisa. Mtumishi anapohama au kustaafu, fomu yake ya makabidhiano iwe na mstari wa ripoti za bakapu.

Msomaji asiishie kwenye rangi. Aandike idadi ya faili, ukubwa na muda, na alinganishe na jana. Tofauti kubwa, kwenda juu au chini, ielezwe kwa maandishi siku hiyohiyo.

Sababu za njano ziondolewe, zisizoeleke. Faili za muda zitolewe kwenye orodha, watumiaji waelekezwe kufunga nyaraka jioni, na njano itakayobaki iwe na maelezo.

Folda yoyote inapohamishwa, anayehamisha amjulishe msimamizi wa bakapu kabla, na ripoti ya usiku huo isomwe na wote wawili.

Ukanda wa saa uwe wa Afrika Mashariki. Ripoti zipakuliwe kila mwisho wa mwezi na kutunzwa nje ya programu yenyewe. Kwa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika Mei 1, 2023, na anayetunza taarifa za watu ana wajibu wa kuzilinda zisipotee. Siku ya kuulizwa, ripoti hizo ndizo ushahidi wetu.

Mara moja kila robo mwaka, faili chache zirudishwe kutoka winguni na zifunguliwe na mwenye nazo, siyo fundi. Mhasibu ndiye anayejua kama jedwali la mishahara limekamilika.

Na nirudie: ripoti ya kila siku, isomwe na mtu mwenye jina. Menejimenti zikiweza kukubali pendekezo moja tu kutoka kwenye mada hii, naomba liwe hilo, kwa sababu halihitaji ununuzi wala zabuni.

Nimeambatanisha fomu ya ukurasa mmoja kwa ajili ya usomaji wa kila siku. Ina safu ya tarehe, idadi ya faili, ukubwa, muda, tofauti na jana, na maelezo. Safu ya mwisho ni ya jina na sahihi ya aliyesoma. Nakala ziko mezani pale mlangoni, na ninaomba kila taasisi iondoke na yake.