Kidonge cha Saratani ya Titi na Mama Zetu wa Ngara na Biharamulo



Saratani nyingi za titi hulishwa na homoni iitwayo estrojeni. Mama akishakoma hedhi, mwili wake, hasa mafuta, huendelea kuitengeneza kwa kimeng'enya kiitwacho aromatesi. Kimeng'enya ni kama kufuli: hukubali ufunguo wake tu. Katika miaka ya 1970 Angela Brodie, Mwingereza aliyefanya kazi Marekani, alitafuta ufunguo bandia wa kuliziba kufuli hilo. Miaka ya 1980 dawa yake ilijaribiwa kwa wagonjwa London. Leo zipo anastrozoli na letrozoli: kidonge kimoja kwa siku, kwa kawaida miaka 5.

Kidonge humezwa nyumbani, iwe Rulenge au Nyakanazi. Kazi iko kabla yake. Lazima kinyama cha uvimbe kipimwe maabara kuona kama kinaitegemea homoni. Kama sivyo, dawa haifai kitu. Safari hiyo kwetu ni ya Bugando, Mwanza. Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limetuondolea kungoja kivuko, ila nauli bado ni mzigo.

Tena dawa hii huumiza viungo na kudhoofisha mifupa. Mama mwenye jembe mkononi atadhani ugonjwa umezidi, aiache kimyakimya. Aelezwe mapema amrudie daktari, kwani huweza kubadilishiwa kidonge.

Nanyi vijana, mama akitaja uvimbe usiouma, asiambiwe asubiri mavuno.