Amri ya Ngoma Haikuuliza Saa

Msikilizaji, kelele ni kero. Mgonjwa, mtoto mchanga, fundi wa mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, anayetakiwa kuwa gereji kabla ya jua kuwaka, wote wana haki ya usingizi, na serikali inayomzuia mwenye baa anayefungulia spika hadi alfajiri haijamnyang'anya mtu uhuru wake wa kusema. Kenya iliyaandika haya katika kanuni zake za mwaka 2009: kwenye makazi, nje ya nyumba, sauti isizidi desibeli 50 mchana na 35 usiku. Kanuni ya namna hiyo haijali kinacholia ni kwaya, mhubiri au dansi. Inapima kinachofika sikioni, basi. Kwa kipimo hicho hicho, hebu tuitazame amri yetu wenyewe, hapa Burundi, kuhusu ngoma.

Oktoba 2017 Rais Pierre Nkurunziza alitia saini amri iliyosema vikundi vya ngoma vijiandikishe kwenye wizara ya utamaduni, pasipigwe ngoma nje ya sherehe rasmi bila kibali, na onyesho lilipiwe faranga 500,000 kwenye hazina ya serikali. Wanawake wakakatazwa kabisa kupiga. Wakaachiwa kucheza dansi zao za kike. Vipengele hivyo, ambavyo ndivyo vilivyozua mjadala, vinauliza nani anapiga, kwa ruhusa ya nani, na amelipa ngapi. Mkazi wa mtaa wa Kinama aliyeshindwa kulala hana chake humo. Na ngoma, tukumbuke, ni chombo kinachosikika kilima hadi kilima. Kama kuna kitu kilichostahili kuwekewa saa, ni hicho.

Watetezi wa amri wana hoja nzito, na si haki kuipuuza. Kwa Kirundi neno ingoma ni ngoma na ni ufalme pia. Ngoma zilipigwa kwa ajili ya mwami, yaani mfalme, wapigaji walirithishana kazi baba kwa mwana, na mwaka 2014 UNESCO iliingiza ngoma hii katika orodha ya urithi wa binadamu: ngoma zimepangwa nusu duara, idadi yake haigawanyiki kwa mbili, moja katikati ikiziongoza nyingine. Kitu cha heshima hivyo, wanasema, kisigeuzwe kiburudisho cha kila harusi. Ningekubali, lakini ufalme ulifutwa Novemba 1966. Tangu hapo ngoma ilitoka uani kwa mwami ikaingia viwanjani, hotelini na harusini, na ni huko huko kwa wananchi ilikodumu hadi dunia ikaitambua. Halafu, ikiwa haramu ni kuifanyia biashara, hizo faranga 500,000 zinafanya nini? Heshima yenye bei ni biashara iliyobadilishwa mwenyewe.

Tabia hii ya kuchagua nani asikike haikuanzia kwenye ngoma. Machi 2014, baada ya polisi kupambana na wafuasi wa chama cha upinzani cha MSD, mbio za makundi asubuhi zilipigwa marufuku katika barabara za Bujumbura, wakimbiaji wakaelekezwa kwenye viwanja maalumu. Kosa halikuwa ukubwa wa sauti za wanaoimba wakikimbia. Hofu ilikuwa juu ya wanachoweza kuwa wanakiimba. Marekani waliwahi kuupambanua mpaka huu kati ya ukubwa wa sauti na kinachosemwa. Mwaka 1948 Mahakama ya Juu ilifuta sheria ya mji wa Lockport iliyomwachia mkuu wa polisi aamue nani atumie kipaza sauti. Mhubiri wa Mashahidi wa Yehova ndiye aliyekuwa amenaswa. Mwaka uliofuata mahakama hiyo hiyo iliuruhusu mji wa Trenton kuzuia magari yenye vipaza sauti vya makelele mitaani. Sauti inaweza kupunguzwa. Msemaji hachaguliwi na polisi.

Atatokea wa kusema vifaa vya kupimia ni ghali, na komine zetu hazina fedha. Kweli. Ila saa hainunuliwi: ikiandikwa kwamba spika zizimwe saa nne usiku, polisi yeyote mwenye simu mfukoni anaisimamia, kwa baa, kwa kanisa, kwa msikiti na kwa chama tawala. Wizara na iandike hivyo, na kipengele cha wanawake kifutwe. Mwanamke anayepiga ngoma uwanjani saa nane mchana hajamwamsha mtu.