Wivu si kipimo cha mapenzi
Maongezi kwa vijana na wazazi katika mkutano wa chama



Leo siongei juu ya ngumi. Ngumi kila mtu anaiona. Naongea juu ya mambo yanayotangulia ngumi, sababu hayo yanavaa nguo ya mapenzi.

Kwanza, telefone. Kijana anasema: «Kama unanipenda, nipe kode yako.» Kesho ni: «Uko wapi? Na nani? Tuma picha nione.» Ukichelewa kujibu, vita. Ukianza kukimbia kutoka mtoni ili umjibu haraka, ujue hapo njo woga umeisha ingia.

Pili, watu. Rafiki zako wabaya, dada yako anakuharibu, kwaya uache. Anakutoa kwa mmoja mmoja mpaka ubaki naye peke yake. Sisi wa kurudi tuchunge sana hapa. Mtoto aliyezaliwa Nyarugusu, akafika hapa Fizi bila shangazi, rafiki zake wote wamebaki ng'ambo ya ziwa, huyo safari imemtenga tayari. Anayetaka kumtawala anakuta nusu ya kazi imekwisha.

Tatu, zawadi. Unite, kitenge, pesa ya masomo. Halafu: «Nimekusaidia vyote hivi, unanikatalia nini?» Zawadi inayodai mwili si zawadi tena, ni bei.

Nne, msamaha wa kila wiki. Anatukana, analia, anapiga magoti, siku tatu asali, kisha anazidisha. Na mwisho anasema: «Ni weye unanikasirisha.»

Vijana wanaume, hata ninyi mnaweza kufanyiwa haya. Msichana anayekutisha atajiua ukimuacha, naye anakufunga. Kusema si aibu.

Wazazi, binti akisema «namuogopa», tusijibu «lakini wameisha leta mahari». Mahari haimnunui mtu. Tumuulize: «Leo usiku utalala salama?» Na kama anataka kuachana naye, asiende kumwambia peke yake nyumbani kwake. Saa ile ya kuachana njo mara nyingi hatari inapanda.

Sheria ya familia, tangu ilipobadilishwa mwaka 2016, inataka miaka 18 kwa wote wawili. Ubakaji ni kosa la jinai. Mbuzi wa mapatano haifuti. Aliyebakwa afike hospitali mapema, kabla ya saa 72 kupita, sababu dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI haingoji vikao vya familia.

Ombi langu ni moja. Kila nyumba ya chama imchukue kijana mmoja asiye na ndugu hapa. Mjue anakaa wapi, mle naye mara moja kwa wiki, mumuulize habari zake bila kumhukumu. Mwenye mahali pa kukimbilia si rahisi kufungwa.