Shibolethi Katika Uwanja wa Shule

Somo: Waamuzi 12:1-6; Mathayo 26:69-75; Matendo 2:1-11



Muhula uliopita sisi wazazi wa shule moja ya msingi hapa Nakuru tulialikwa kwenye siku ya utamaduni. Watoto walivaa shuka na leso, wakacheza kwa kayamba na nyatiti. Kina mama walileta mukimo, omena, muthokoi na mahamri, na kila mtu akaonja chakula cha mwenzake. Tulipiga makofi, tukasema kwamba Wakenya ni watu wa nyumba moja.

Ndipo mtoto mmoja akasimama kutoa shukrani. Lugha ya mama yake ni Kijaluo, nayo haina sauti ya "sh". Akasema, "Wazazi wetu, tunasukuru." Wa kwanza kucheka tulikuwa sisi watu wazima, tulioketi viti vya mbele. Watoto wakatugeukia, nao wakacheka. Yule mtoto akainama, akaketi kabla ya kumaliza maneno yake.

Wapendwa, Biblia yatueleza jinsi Wagileadi walivyoshika vivuko vya Yordani. Kila mtu aliyetaka kuvuka aliambiwa atamke neno moja tu, Shibolethi. Mwefraimu alisema Sibolethi, kwa kuwa hakuweza kulitamka sawasawa, akauawa papo hapo. Wakaanguka watu 42,000, nao walikuwa ndugu, wana wa Israeli.

Tusidhani hayo ni mambo ya kale. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, barabara za Bonde la Ufa ziliwekewa vizuizi, na wasafiri wakaulizwa vitambulisho na lugha zao. Zaidi ya watu 1,100 walikufa katika nchi yetu, na wengine wao walifia hapa Nakuru. Hatusemi kwamba kicheko cha siku moja huua mtu. Lakini mtoto anayejifunza kwetu kumpima mwenzake kwa matamshi, sisi tumekwisha kumwonyesha njia ya kwenda kivukoni.

Sasa mtazameni Petro. Usiku ule uani kwa kuhani mkuu, watu walimtambua kwa usemi wake wa Kigalilaya, naye kwa hofu akamkana Bwana wake. Siku ya Pentekoste alisimama akahubiri mbele ya umati, na watu walikuwa wamekwisha kutambua kwamba wasemaji wale ni Wagalilaya. Mungu hakungoja Petro ajifunze kusema kama watu wa Yerusalemu. Nao Waparthi, Wamedi, Wakrete na Waarabu waliyasikia matendo makuu ya Mungu, kila mtu kwa lugha aliyozaliwa nayo. Roho Mtakatifu hakuziondoa lugha zao.

Sisi tulirudi shuleni juma lililofuata. Kwa ruhusa ya mwalimu tulisimama mbele ya darasa lote, tukamwomba yule mtoto radhi. Kisha tukamsihi atufundishe kushukuru kwa lugha ya kwao. Akasema polepole, "Erokamano." Tulilirudia mara tatu ndipo akaridhika. Darasa zima likacheka, na safari hii alicheka pamoja nao.

Ndugu msikilizaji, siku ya utamaduni ni njema, nayo iendelee. Lakini kesho yake ngoma zikiisha kuwekwa, watoto watatusikia mezani tukiiga usemi wa jirani, au tukimtaja kwa kabila lake badala ya jina lake. Hapo ndipo wanapofundishwa. Je, nyumbani mwako wanasikia nini?

Na tuombe. Ee Baba, uliyetupa lugha hizi zote, utusamehe vicheko vyetu. Utufundishe kumsikiliza mdogo anaposema, hata amalize. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.