FUKUSI HANYWI MAJI



Alhamdulillah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Amma baad.

Ndugu zangu wa Kitale, na nyinyi mliofunga safari kutoka Bungoma mkiwa na saumu, leo nitazungumza juu ya mdudu. Msicheke. Qur'ani ina Surat An-Nahl, ya nyuki, na Surat An-Naml, ya wadudu chungu. Mimi nimemchagua fukusi wa mahindi.

Ramadhan iliyopita mama alifungua gunia la mwisho tupime zakatul-fitr. Lo! Vumbi tupu na wadudu. Nyumbani tuko wanane, pishi nane zatakiwa, na aya ya 267 ya Suratul-Baqara inatukataza kukusudia kutoa kilicho kibaya. Tukanunua mengine sokoni, kwa deni. Nikajiuliza: huyu anaishije miezi yote ndani ya punje kavu bila tone la maji? Sisi ikifika alasiri midomo imekauka!

Mdudu hapumui kwa pua wala mapafu. Ubavuni ana vitundu, kwa wadudu wengi hufika jozi 10, na kutoka hapo mirija hugawanyika kama mizizi mpaka ndani ya nyama. Oksijeni yapita humo humo. Damu haina kazi ya kuibeba. Lakini tundu likiwa wazi, mvuke wa maji nao watoka. Ndipo vitundu vikawa na vifuniko, hufunguka na kufungika, na ngozi ikapakwa nta. Mchwa, ambao watu wa Bungoma mnawajua kunishinda, ngozi yao ni laini, kwa hivyo hujificha ndani ya vijia vya udongo na kichuguu chenye unyevu.

Na maji je? Fukusi huyatengeneza mwenyewe. Wanga wa mahindi ukiunguzwa mwilini kwa oksijeni hutoa kabonidayoksaidi na maji. Subhanallah! Lakini hapo hapo ndipo anapokamatika. Mwaka 2012 Larry Murdock na wenzake wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, waliandika juu ya fukusi wa kunde waliofungiwa hewa isiingie: oksijeni ikipungua huacha kula, maji hayatengenezwi tena, wakafa kwa kukauka.

Mifuko ya PICS hufanya kazi hivyo: plastiki mbili ndani, gunia nje, bila dawa yoyote ya kuchanganya na chakula cha watoto. Sharti mahindi yakauke kwanza. Tia punje na chumvi kavu katika chupa kavu, tikisa, ngoja dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye chupa, rudisha mahindi juani. Kisha funga kabisa, na usifungue kila siku kuchungulia (hapo sisi vijana ndio wenye makosa). Panya akitoboa, kazi imeharibika.

Mama ameshajaza mitatu. Mmoja hautaguswa mpaka siku ya kupima fitri, inshallah.

Wassalaam alaykum.